Fundi Rangi Amesimama Juu ya Nini?

   Msikilizaji wangu, yupo mtu mmoja ninayemlenga hasa jioni hii: wewe uliyehamia chumba cha uani kwa sababu huko mbele kuna mafundi, viti vimefunikwa nailoni, na nyumba nzima inanuka rangi.  Mazungumzo ya leo ni yako, na ni ya huyo fundi aliyeko sebuleni kwako.

Nianze kwa swali. Fundi wako, hivi sasa ninavyozungumza, amesimama juu ya nini?

Sijauliza anapaka rangi gani, wala ndoo ngapi zimekwisha. Nauliza nyayo zake zimekanyaga nini. Ngazi? Stuli ya jikoni? Meza ya chakula iliyowekewa kiti juu yake? Ndoo tupu iliyopinduliwa? Kama huna uhakika, nenda kachungulie, kisha urudi tuendelee.

Tunapopanga kupaka rangi nyumba tunazungumza mengi. Tunabishana juu ya rangi ya maji na rangi ya mafuta. Mama anataka rangi ya maziwa, watoto wanataka bluu, na kitabu cha rangi kinazunguka nyumba nzima. Tunaandika orodha ya dukani: praima, rola, brashi, msasa, tepu ya karatasi. Lakini kitu cha kupandia hakimo katika orodha hiyo. Fundi anatarajiwa aje nacho, au abuni. Na kwa kuwa hakuna aliyemlipa kwa ajili ya kitu hicho, anabuni.

Basi jioni hii tutavitazama vitu vitatu ambavyo fundi rangi anaweza kuvipanda akiwa ndani ya nyumba. Cha kwanza ni ngazi. Cha pili ni jukwaa. Na cha tatu ni ngongoti. Ndiyo, umenisikia vizuri, ngongoti. Kama umekulia Mtwara au Lindi unazijua tangu utoto; umewaona Wamakonde wakizicheza, mchezaji kavaa kinyago, nguo ndefu imeifunika miti miwili aliyofungwa miguuni, anapita juu ya vichwa vya watu huku watoto wakikimbia mbele yake. Leo ngongoti zimeingia kazini. Huko Marekani mafundi wa dari na kuta za jipsam wamezitumia kwa miongo mingi, na vijana wetu wanawaona kwenye simu zao: mtu kajifunga miguu ya alumini, anatembea chumbani, rola inapita darini bila kupanda wala kushuka. Vijana wanauliza, kwa nini sisi tusifanye hivyo? Ni swali la haki, na nitalijibu kwa kirefu.

Jibu langu nalitoa mapema ili tusipotezane njiani. Kwa kazi nyingi za rangi ndani ya nyumba zetu, jukwaa dogo ndilo linalofaa. Ngazi ni ya kazi fupi. Ngongoti zina mahali pake, lakini ni padogo kuliko video zinavyotuonyesha. Na kabla ya vyote vitatu kuna jambo la kujiuliza, ambalo nitalieleza hivi punde.

Kwanza tuondoe fikra moja. Watu husema, aa, ni ndani tu, ni karibu na chini, fundi akianguka atajipangusa vumbi. Sikiliza. Mtu anayeanguka kutoka kimo cha mita mbili hufika sakafuni kabla sekunde moja haijatimia, na hufika kwa mwendo unaozidi kilomita 20 kwa saa. Hapati muda wa kugeuka, wala wa kutupa brashi apate kujikinga kwa mikono. Na anaangukia wapi? Ndani ya nyumba hakuna mchanga wa kumpokea. Kuna zege, juu ya zege kuna marumaru, na pembeni kuna kona ya meza. Fundi wa ghorofa refu anajua yuko juu, kwa hiyo anajihadhari. Anayepaka rangi sebuleni haoni kama yuko juu, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Sasa lile jambo la kujiuliza kabla ya yote. Je, lazima apande?

Hebu tukichukue chumba cha kawaida, dari likiwa kwenye mita tatu hivi. Mtu wa kimo cha wastani akinyoosha mkono anafika mita mbili na kidogo. Inabaki kama mita moja. Rola yenye mpini mrefu, ule mti unaochomekwa kwenye mshikio wake, inaimaliza mita hiyo fundi akiwa amesimama sakafuni kwa miguu yake miwili. Ukuta wote mpana unapakwa hivyo. Dari lote la katikati linapakwa hivyo. Shingo itauma kidogo na mabega yatachoka, lakini hakuna mtu atakayeanguka kutoka sakafuni kwenda sakafuni akavunjika kiuno.

Ukishatumia mpini mrefu, kazi ya juu kabisa inayobaki ni ipi? Ni kupita kwa brashi pale ukuta unapokutana na dari. Ni kuziba nyufa na mashimo ya misumari. Ni kupiga skimu na kuisugua kwa msasa. Ni zile pembe za jipsam zenye madoido, na kuzunguka taa. Kazi hizo zinahitaji jicho liwe karibu, na mpini mrefu hauzifikii vizuri. Kwa hiyo kupanda kutakuwapo, ila kutakuwa kwa saa chache badala ya siku nzima. Narudia, maana hapa pana faida kubwa kwa gharama ndogo: mnunulie fundi mpini mrefu wa rola kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hata kijiti imara kilichochongwa na seremala, kikaingia vizuri kwenye mshikio, kinafanya kazi hiyo.

Haya, tuje kwenye ngazi.

Ngazi ziko aina mbili. Ipo ya kuegemeza ukutani, na ipo ya miguu minne inayofunguka na kusimama yenyewe. Ile ya kuegemeza, kwa maoni yangu, ibaki nje. Nje ina kanuni yake njema: ikigusa ukuta kwenye kimo cha mita nne, kitako chake kikae mita moja kutoka ukutani, yaani robo ya kimo. Ndani ya nyumba kanuni hiyo inakutana na marumaru laini, na kitako kinateleza. Tena vichwa vyake vinaegemea ukuta uleule unaopakwa, vinaacha alama. Fundi anaiondoa, anairudisha, anarudia kupaka. Haifai.

Ngazi ya miguu minne inafaa, kwa masharti. Ifunguliwe mpaka mwisho na vishikizi vyake vifungwe. Isitumike ikiwa imekunjwa na kuegemezwa. Mtu asisimame kwenye kidato cha juu kabisa, wala kile kinachokifuata, kwa sababu hapo hana pa kuegemeza magoti. Kitovu chake kisitoke nje ya miimo miwili ya ngazi. Akiona hafiki, ashuke aisogeze. Hicho kidogo cha kujinyoosha, "niguse tu pale pembeni nimalize," ndicho kinachowaangusha watu. Na kama ngazi ni ya alumini au chuma, basi umeme wa chumba hicho uzimwe wakati anazunguka taa na nyaya.

Nina neno jingine kwa mafundi wenyewe, kuhusu ngazi ya mbao. Msiipake rangi. Najua inapendeza, na rangi inabaki ndoo tele. Lakini rangi inaficha ufa. Mbao iliyo wazi unaiona ikianza kupasuka penye msumari, unaona kipago kinavyochakaa. Ukishaipaka, utaujua ufa siku itakapokatika. Wanaotaka kuikinga na maji waipake mafuta yanayoacha mbao ionekane.

Hata hivyo, ngazi nzuri kuliko zote ina tatizo ambalo haliondoki. Mpaka rangi anahitaji mikono miwili. Mmoja una brashi, mwingine una kopo. Sasa wa kujishikilia uko wapi? Kanuni ya ngazi duniani kote ni kwamba viungo vitatu viigandame: miguu miwili na mkono mmoja. Fundi rangi anaivunja kanuni hiyo tangu dakika ya kwanza, kwa sababu kazi yake ndivyo ilivyo. Ndiyo maana nasema ngazi ni ya kazi fupi: kuziba tundu, kupita kona moja, kufunga tepu. Kwa kuzunguka dari lote, hapana.

Tunakuja kwenye jukwaa, na hapa nitatulia kidogo, kwa sababu neno hilo linawatisha wenye nyumba. Mtu akisikia jukwaa anafikiria mirunda iliyosimamishwa kuzunguka ghorofa, misumari mikubwa na lori la kuibeba. Hiyo mirunda ni ya nje. Wakati nyumba inajengwa, fundi wa lipu alikuwa nayo. Lakini haiingii chumbani, na mafundi rangi wanapoanza kazi ya ndani mirunda imeshaondoka, ikapelekwa kwa mwingine. Fundi rangi anaingia ndani mikono mitupu.

Jukwaa ninalolisema mimi ni dogo. Ni vigogo viwili vya mbao vyenye miguu minne minne iliyotanuka, vinavyoweza kutengenezwa na seremala yeyote, na juu yake mbao mbili au tatu nene zilizopangwa bega kwa bega. Kimo chake mita moja, au pungufu. Kwa dari la mita tatu hicho kinatosha, na kichwa cha fundi kinabaki na nafasi. Akisimama hapo anatembea hatua tatu nne, kopo lake liko miguuni, mikono yote ipo huru, na macho yako karibu na kazi. Anamaliza upande mmoja wa chumba akiwa amepanda mara chache. Linganisha na ngazi, ambayo kila akimaliza kipande cha mkono mmoja anashuka, anaisogeza, anapanda tena.

Mambo ya kuangalia si mengi. Mbao ziwe nzima, zisizo na kifundo kikubwa katikati, na zipite vigogo kwa kiganja kimoja au viwili kila upande, kisha zifungwe kamba. Zikipita sana, mtu akikanyaga ncha zinanyanyuka zote. Zikifika ukingoni tu, zinateleza na kuanguka. Mapipa, matofali yaliyopangwa na ndoo visitumike kama miguu ya jukwaa. Pipa linabingirika, tofali linameguka. Na kwa wale wanaokodi jukwaa la fremu za chuma lenye magurudumu, ambalo ni zuri sana kwa ukumbi mkubwa, breki zifungwe kabla mtu hajapanda, na lisisukumwe mtu akiwa juu. Hilo la mwisho nalisema kwa mkazo, maana kila mtu anajua ni kosa na kila mtu analifanya, ili kuokoa dakika moja ya kushuka.

Wenzetu wa mwambao jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Nyumba za huko zina sakafu za ghorofani zilizobebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, lakini dari ziko juu sana. Ukiangalia chumba hicho kwa jicho la fundi, unakuta kimejengwa kana kwamba kinasubiri jukwaa: mbao zinavuka upana wake kwa urahisi, na fundi anasonga nazo kutoka mlangoni mpaka mwisho. Ngazi huko ni shida, kwa sababu kuta zinapakwa chokaa, na chokaa mbichi inaunguza macho. Tone moja likimwingia mtu akiwa kwenye kipago cha nane, mkono wake wa kwanza unakwenda jichoni. Wa pili una brashi. Miwani ya kazi ivaliwe, na mtu awe juu ya kitu kipana.

Sasa, msikilizaji, ngongoti. Nilikuahidi.

Nizieleze kwanza kwa haki. Ngongoti za kisasa za kazini ni vifaa vilivyobuniwa vizuri. Zimetengenezwa kwa alumini. Zina kibao cha kukanyagia, mikanda ya kufunga mguuni na chini ya goti, na springi zinazoruhusu kifundo cha mguu kucheza mtu anapotembea. Kimo kinarekebishwa, na saizi zinazopatikana zaidi zinampandisha mtu kuanzia nusu mita hivi mpaka mita moja. Zina kikomo cha uzito, nyingi ni karibu kilo 100, na humo ndani umo uzito wa mtu pamoja na vifaa alivyobeba. Faida yake ni ya kweli. Mtu anaifuata kona ya dari mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, mikono miwili ikiwa huru. Na wala si jambo jipya: huko Kent, Uingereza, wakulima wa hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia, walikuwa na wafanyakazi waliotembea juu ya ngongoti shambani wakifunga kamba kwenye nguzo ndefu.

Kwa hiyo siwezi kusema ngongoti ni upuuzi. Ila ninauliza: chumba chako kikoje?

Sheria za usalama kazini za Marekani, kule zinakotumika sana, zinagusa ngongoti kwa maneno machache yenye uzito. Mahali zinapotumika pawe tambarare, pasiwe na mashimo, vifusi wala kitu cha kumkwaza mtu. Zitunzwe vizuri, na zisibadilishwe umbo bila idhini ya mtengenezaji. Na kama mtu atazivaa akiwa juu ya jukwaa, liwe jukwaa la eneo pana, na uzio wake upandishwe kwa kimo kilekile cha ngongoti. Tafakari hilo la mwisho. Walioandika sheria walitambua kwamba uzio uliokuwa kiunoni unageuka kuwa gotini mara tu mtu anapojifunga miguu mirefu, na uzio wa gotini unampindua mtu badala ya kumzuia.

Sasa rudi chumbani kwako. Je, ni tambarare? Bila vifusi? Kazi ya rangi yenyewe ndiyo inayoichafua sakafu. Kuna nailoni iliyotandazwa kukinga marumaru, nayo inajikunja na kuteleza. Kuna trei ya rola, kopo la rangi, waya wa taa ya kuongeza mwanga. Kuna matone mabichi ya rangi. Kuna kizingiti kati ya sebule na korido. Fundi wa jipsam wa kwenye video anafanya kazi katika jengo tupu lililofagiwa, na hakuna anayeishi humo. Wewe unaishi humu. Mtoto atapita akikimbia kwenda kuchukua daftari. Mtu aliyesimama sakafuni akigongwa na mtoto anayumba. Aliye juu ya ngongoti anaanguka.

Tazama pia juu. Mlango wa kawaida ni kama mita mbili. Mtu wa mita moja na sabini akijiongezea sentimita sabini amefika mita mbili na arobaini. Mlangoni hapiti bila kujikunja, na juu ya ngongoti kujikunja ndiko kunakomtupa mbele. Katikati ya chumba kuna pangaboi. Kichwa chake sasa kiko kimo kimoja na mapanga yake. Kuna mtu atakumbuka kulizima na kumzuia mwingine asiliwashe?

Na kuinama je? Brashi ikimponyoka, hawezi kuiokota. Rangi ikiisha kwenye trei, inabidi iwe mezani au mtu amkabidhi. Maana yake ngongoti zinataka saidia fundi asimame chini muda wote, na ile hesabu ya kuokoa gharama inaanza kupungua. Kuvua na kuvaa kunataka pa kukaa palipo juu, kwa hiyo ngazi au jukwaa lazima liwepo palepale.

Lakini linaloniogopesha zaidi ni namna ya kuanguka. Mtu wa ngazi akiona inayumba anaweza kuruka. Mtu wa jukwaa anaweza kukaa chini upesi, akashika mbao. Aliyevaa ngongoti amefungwa. Hana mguu wa kuutoa mbele ajizuie, kwa sababu mguu wake ni ule mti, na umeshakwenda upande wake. Anaanguka mzimamzima, kwa kimo chake chote pamoja na kile alichojiongezea, na magoti yakiwa ndani ya mikanda.

Msikilizaji atasema: mbona Wamakonde wanacheza na hawaanguki? Nashukuru kwa swali hilo, kwa sababu linanipa nafasi ya kuwasifu. Mchezaji wa ngongoti amejifunza kwa muda mrefu, mikononi mwa waliomtangulia. Anachezea uwanjani, ardhi yenye udongo, nafasi wazi, na watu wanampisha. Na macho yake yanatazama mbele. Hili la macho ni kubwa kuliko linavyosikika. Mwili unajisawazisha kwa kuona. Ukitazama mbali mbele unajua ulivyosimama. Fundi rangi anatazama juu, shingo imelala nyuma, mbele ya macho yake kuna dari jeupe lisilo na alama yoyote. Jaribu hapo ulipo, ukiwa na mtu karibu: simama kwa mguu mmoja ukitazama mbele, kisha inua uso utazame dari. Utahisi tofauti mara moja.

Kwa hiyo ngongoti zitumike wapi? Kwenye jengo jipya, ukumbi mpana, sakafu imekamilika na kufagiwa, hakuna wanaoishi humo, hakuna vidato vya ngazi wala baraza karibu, fundi amejifunza chini ya mtu anayezijua, na saidia fundi yupo. Hapo sawa. Katika nyumba inayokaliwa, mimi nasema hapana. Na kwa wale wanaojigongea za kwao kwa mbao na misumari, wakajifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nasema hapana mara mbili. Mbao hiyo haina springi, haina kikomo cha uzito kinachojulikana, na itapasukia palepale msumari ulipopita.

Tumebakiwa na jambo la fedha, ambalo ndilo lililotufikisha kwenye ndoo zilizopinduliwa.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri ahakikishe anayemfanyia kazi hadhuriki. Ni sheria nzuri. Lakini fundi wa mtaani aliyepatana nawe kwa chumba, akaja na kijana wake wa deiwaka, mkaguzi gani atamfikia sebuleni? Tanzania tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri wanauchangia. Kijana wa deiwaka hana mwajiri anayemchangia. Akivunjika mguu, kinachofuata ni mchango wa ndugu na majirani, na miezi ya kukaa nyumbani bila kipato. Mguu uliovunjika wa mpaka rangi ni ada ya shule ya mtoto wake. Naomba tuliangalie hivyo.

Mazungumzo mengi ya kupatana huwa namna hii. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, vyumba vitatu na sebule, unanifanyia kiasi gani?" Fundi anataja bei. "Aa fundi, punguza, na mimi ni mtu wa nyumbani." Fundi anapunguza. Anapunguza wapi? Rangi hawezi kuipunguza, ameshaandikiwa ndoo. Siku zake anazihitaji. Anapunguza kile ambacho hukukitaja: ile ngazi aliyotaka kuikodi.

Nadhani yanaweza kwenda hivi. "Fundi, kabla hujataja bei, juu utapanda kwa kitu gani?" "Mama, nitatafuta tafuta." "Hapana mwanangu, tusitafute tafute. Jukwaa ni kiasi gani kwa siku?" Atakutajia. Liandikeni peke yake, mstari wake, mbali na ufundi. Gharama hiyo ikiwa na mstari wake haiwezi kupunguzwa kimyakimya. Wengine wanaweza kufanya zaidi. Vigogo viwili na mbao tatu, seremala akishavitengeneza, vinakaa miaka. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia na kuazimana. Na ninyi mafundi mlio kwenye vikoba, mnakopeshana kununua pikipiki na cherehani. Kopeshaneni pia kununua jukwaa la fremu, mlikodishe wenyewe kwa wenyewe. Litajilipa, kwa sababu fundi mwenye jukwaa anamaliza dari mapema kuliko mwenye stuli.

Dakika zangu zinakwisha, na kuna jambo siwezi kuondoka bila kulisema. Fundi akianguka, usimnyanyue haraka haraka. Najua huruma inatusukuma kumkalisha, kumpepea, kumpa maji. Kama anaumwa shingo au mgongo, au hahisi miguu, au hana fahamu, mwacheni alale alivyo isipokuwa kama pale alipo pana hatari, angalieni kama anapumua, mmoja amshikie kichwa kisigeuke, mwingine apige simu kuita msaada wa hospitali. Msimkunje kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Na hata kama ameamka akasema yuko salama, ikiwa aligonga kichwa apelekwe akaangaliwe siku hiyohiyo.

Wiki ijayo, muda kama huu, tutazungumzia rangi kuukuu ukutani: kwa nini isikwanguliwe ikiwa kavu, madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya rangi za zamani yanafanya nini kwa mtoto mdogo, na namna ya kuisugua kwa msasa na maji. Kama una nyumba ya urithi yenye rangi juu ya rangi, usianze kazi mpaka tuzungumze.